Mwongozo kamili: Kuiona miezi minne ya Jupita ukiwa Mtwara au Lindi, na pete za Zohali juu yake

Wakuu, hii naiandika kwa sababu kila msimu sayari ya Jupita ikipanda, watu wa huku kusini wananiletea kilio kilekile: nimenunua darubini, nimetoka nje, nimeangalia mpaka shingo inauma, naona doa la mwanga linachezacheza tu, miezi iko wapi? Wengine wameshaanza kusema ni uongo wa mitandaoni.

Sio uongo. Miezi minne mikubwa ya Jupita inaonekana kwa darubini ya kawaida ya macho mawili, ile ya kuangalia ndege na meli, na inaonekana ukiwa hapohapo mtaani kwako, iwe Ligula, Chikongola, Mikindani au Lindi mjini. Wanaoshindwa karibu wote wanaangushwa na mambo mawili, mikono inatetemeka, na wanatoka muda ambao sio. Humu nitakaa sana kwenye hayo mawili, mengine tutapita nayo haraka.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50, 8x42 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa kazi hii 10x50 ndio nzuri zaidi.
- Kama unayo teleskopu ndogo ya mm 60 au 70, safi, ila bado anza na ya macho mawili hata ya kuazima.
- Kimfuko kigumu cha kilo mbili tatu kilichojazwa mchanga mkavu, robo tatu tu, kisijae.
- Kiti cha kuegemea au mkeka.
- Simu yenye Stellarium, programu inayokuonyesha nyota na sayari ziko wapi. Ni ya bure, ishushe mapema ukiwa na bando, weka mahali ulipo Mtwara au Lindi.
- Tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, daftari, penseli.
- Kitambaa laini kisafi cha lenzi, na ndoo au kopo lenye mfuniko wa kubana.

Onyo kwenye kununua. Kimbia darubini inayojitangaza inakuza mara 100 ya kushika mkononi, na zile ambazo lenzi zake zinang'aa wekundu kama taa ya breki. Na teleskopu ya boksi lililoandikwa "mara 525" ujue hiyo namba haina kazi, lenzi ya mm 60 mwisho wake wa maana ni kama mara 120, ukizidisha hapo unakuza ukungu.

## Hatua ya 1: Chagua msimu wa kwetu, achana na wa Ulaya

Hapa ndipo wengi wanapotea kabla hata hawajatoka nje. Kurasa nyingi zinakuambia usiku bora ni ule Jupita inapokaa upande wa pili wa jua, yaani jua likizama yenyewe ndio inachomoza. Hiyo inatokea kila baada ya miezi 13 hivi: Januari 2026, Februari 2027, Machi 2028, Aprili 2029. Ni kweli kabisa kwa hesabu za anga. Sasa we jiulize, Januari na Februari Mtwara kuna nini? Mawingu. Mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, unaweza kukaa wiki nzima usione hata nyota moja ukaamini kifaa ndio kibovu.

Ushauri wangu ni huu, acha huo usiku wenyewe upite bila presha. Subiri Mei na Juni, mvua zimekatika, anga limeoshwa halina vumbi. Kwa mfano Mei 2027, jua likizama utaikuta Jupita tayari iko juu kabisa, unaangalia kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 4 bila kukesha. Itakuwa imepungua ukubwa kidogo kulinganisha na Februari lakini miezi yake haijali, inaonekana vilevile. Januari ukipata usiku mmoja wa wazi katikati ya mvua, tumia, tena hewa baada ya mvua huwa safi, ila usipange safari kwa ajili yake.

Sababu ya kusisitiza juu: kitu kikiwa chini karibu na upeo wa bahari unakiangalia kupitia hewa nyingi nzito ya chumvi na joto, kinachemka na kubadilika rangi. Watu wa pwani tunapenda kukimbilia kuangalia Jupita inatoka baharini kwa sababu inapendeza, sawa, ipendezee kwa macho, darubini iache mpaka ipande iwe imevuka nusu ya njia kati ya bahari na utosi.

Mwanga wa mji hauna shida kwenye hili. Jupita na miezi yake vinang'aa vya kutosha, hauhitaji kusafiri mpaka Msimbati kutafuta giza, ua wako unatosha ilimradi taa isikupige usoni.

Utajua umefaulu: una wiki mbili tatu umezitia alama kwenye kalenda, Stellarium inakuonyesha Jupita ikiwa juu kati ya saa 1 na saa 4 usiku.

## Hatua ya 2: Hakikisha unachokiangalia ni Jupita kweli

Unashangaa? Wengi waliokosa miezi walikuwa wanaangalia kitu kingine. Huku kwetu kuna wadanganyifu wawili.

Wa kwanza ni sayari Zuhura, inang'aa kuliko Jupita. Zuhura haiachani na jua mbali, kwa hiyo inakaa magharibi jioni au mashariki alfajiri, basi. Ukiona kitu kinawaka utosini saa 5 usiku, Zuhura hapo hamna.

Wa pili ni nyota Sirius, na huyu anasumbua zaidi watu wa Mtwara na Lindi kwa sababu anapita karibu kabisa na utosi wetu, miezi ileile ya mwanzo wa mwaka ambayo Jupita nayo iko juu. Tofauti yao: Sirius inametameta, inarusha rangirangi, buluu, nyekundu, nyeupe. Jupita imetulia, mwanga wake wa maziwa kidogo, na ni angavu zaidi. Halafu kwa miaka ya 2026 mpaka 2028 Jupita ikifika juu kabisa inakuwa upande wa kaskazini wa utosi, yaani wa Lindi unageukia upande wa Kilwa. Sirius iko upande wa kusini wa utosi. 2029 Jupita itakuwa imeshuka kiasi cha kupita karibu na utosi penyewe.

Utajua umefaulu: unainyooshea kidole bila simu, na jirani akikuuliza umejuaje unaweza kumwambia.

## Hatua ya 3: Ijaribu darubini mchana

Usiku sio muda wa kugundua kuwa darubini yako ya mtumba imepinda ndani. Mchana elekeza kitu cha mbali sana chenye ncha kali. Wa Mtwara mjini simama ufukweni angalia minazi ya Msangamkuu ng'ambo ya maji, wa Lindi mjini angalia Kitunda. Mnara wa simu pia unafaa.

Angalia kwa macho yote mawili. Ukiona mnazi mmoja umekuwa miwili, au unaona mmoja lakini kichwa kinauma kama macho yanavutwa kila moja upande wake, hiyo darubini ilishaanguka na vioo vya ndani vimehama. Bado unaweza kuitumia kwa jicho moja tu, funika upande mmoja, ila kama ndio unataka kununua usinunue.

Mwenye teleskopu, muda huu ndio wa kulinganisha ile darubini ndogo ya kulengea na bomba kubwa. Weka kilele cha mnazi katikati ya bomba kubwa kwa lenzi ya jicho yenye namba kubwa, mfano mm 25, halafu zungusha skrubu za ile ndogo mpaka kilele kilekile kikae kwenye msalaba wake. Asiyefanya hivi mchana usiku atatafuta Jupita nusu saa na hataipata, na sio kosa la Jupita.

Onyo ambalo sitanii nalo: usielekeze darubini yoyote karibu na jua, hata kwa sekunde, na usiwaachie watoto peke yao mchana. Jicho linaungua bila kuuma na halirudi.

Onyo la pili ni la hapa kwetu. Tuko mkoa wa mpakani, tuna bandari, uwanja wa ndege, mitambo ya gesi. Mtu anayesimama gizani na darubini karibu na sehemu kama hizo ataulizwa maswali, na wanaouliza watakuwa wanafanya kazi yao. Kaa uani kwako au uwanja wa shule kwa ruhusa, mwambie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa mapema, tena mkaribishe aje aangalie.

Utajua umefaulu: mnazi mmoja, makuti yanahesabika, kichwa hakiumi.

## Hatua ya 4: Itulize darubini mpaka isicheze kabisa

Hapa sasa ndio kwenyewe. Kama hauna muda wa kusoma mwongozo wote soma hapa tu.

Darubini inayokuza mara 10 inakuza na mtetemo wa mkono wako mara 10. Mapigo ya moyo tu yanatosha kuisukuma. Miezi ya Jupita ni vinukta vidogo vilivyobanana na kitu kinachong'aa sana, darubini ikicheza kila kinukta kinageuka mstari, mistari inachanganyikana na mng'ao wa Jupita, unabaki na lile doa linalorukaruka mnalolalamikia. Hiyo ndio sababu mtu mwenye darubini ya bei kali anakosa na mwenye ya mtumba aliyeegemea ukuta anaona yote minne.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ukuta na mfuko wa mchanga. Tafuta ukuta wa uzio au dirisha lenye kizingiti kinachokufika kifuani ukiwa umekaa au umesimama, weka mfuko wa mchanga juu yake, piga ngumi katikati ya mfuko ufanye kishimo, lalisha darubini kwenye hicho kishimo. Mchanga unaikumbatia. Halafu, na hapa watu wanakosea, ondoa nguvu mikononi, usiibane, gusa tu kwa vidole viwili vya kila mkono ili isianguke, lete macho yako kwenye darubini badala ya kuleta darubini kwenye macho. Vuta pumzi, toa nusu, shikilia, angalia. Pumzika, rudia.

Jupita ikiwa juu sana ukuta haukusaidii. Hapo lala kwenye mkeka au kiti cha kuegemea, viwiko vibane mbavuni, na chukua mti mrefu kama mpini wa ufagio wa dari, ncha ya chini iegemee tumboni au katikati ya mapaja, funga darubini ncha ya juu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Inashangaza jinsi inavyotulia.

Stendi ya miguu mitatu ya kamera nayo ni nzuri kama ina kishikio cha darubini. Ila miguu usiinyooshe yote, stendi ndefu inayumba, na ning'iniza ule mfuko wa mchanga katikati yake.

Halafu kuna upepo. Mei mpaka Septemba kusi linavuma, jioni linaweza kukusumbua sana ukiwa ufukweni wazi. Bahati nzuri kusi linatoka kusini na kusini mashariki, na Jupita yetu ya miaka hii iko kaskazini, kwa hiyo kaa upande wa kaskazini wa nyumba, nyumba ikukinge upepo mgongoni huku mbele yako anga liko wazi. Usipande juu ya ghorofa ukidhani unasogea karibu, juu ndio upepo umezidi. Na usikae ndani ya boti wala ngalawa, hata maji yakiwa kimya.

Na usiangalie kupitia kioo cha dirisha. Kioo kinatengeneza nakala za mwanga pembeni na utahesabu miezi ambayo haipo.

Utajua umefaulu: elekeza nyota yoyote ya kawaida, ihesabie mpaka kumi. Kama imekaa nukta muda wote bila kuchora mkia, umeshamaliza sehemu ngumu kuliko zote.

## Hatua ya 5: Fokasi kwa nyota, jicho moja moja

Usifokasi kwa Jupita yenyewe, inang'aa mno hautajua imefika au bado. Chukua nyota ya jirani. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka nyota iwe ndogo kabisa, ipite kidogo ianze kuvimba, rudisha. Sasa funga la kushoto, usiguse tena gurudumu la katikati, zungusha kile kipete cha jicho la kulia mpaka nayo iwe ndogo. Kumbuka namba ya kipete, ni ya kwako, wa nyumbani akishika ataibadilisha.

Wenye miwani ya kuona mbali vueni, fokasi inafidia. Wenye miwani ya macho yaliyopindika, zile ambazo bila miwani kila taa ina mkia, baki nayo.

Utajua umefaulu: nyota ni ncha ya sindano kwa macho yote mawili.

## Hatua ya 6: Sasa angalia, na ujue unatafuta nini

Elekeza Jupita. Utaona kiduara kidogo cheupe, sio nukta, kina upana. Usitegemee mikanda wala lile doa jekundu la kwenye picha, hayo ni ya teleskopu. Tafuta vinukta vyembamba vilivyopangana kwenye mstari mmoja na hicho kiduara.

Mstari huo unakaaje? Hili halisemwi kwenye miongozo ya nje. Huku tuko kama nyuzi 10 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo vitu vya angani vinapanda karibu wima kutoka baharini. Jupita ikiwa bado mashariki mstari wa miezi unakuwa umesimama karibu wima, mmoja juu mwingine chini. Ikifika juu kabisa mstari unalala, mashariki magharibi. Ikielekea magharibi unasimama tena. Mtu anayetafuta mstari uliolala saa ambayo umesimama, vinukta anaviona na anavipuuza akidhani ni nyota.

Mng'ao ukikuzidi kuna mbinu mbili. Ya kwanza, wahi, angalia dakika 20 mpaka 40 baada ya jua kuzama kabla anga halijawa jeusi, mng'ao unapungua sana. Ya pili, sogea kidogo mpaka ukingo wa paa au shina la mnazi uifunike Jupita yenyewe, uache pembeni wazi, vinukta vinajitokeza.

Utaona vingapi? Vinne, vitatu, viwili, mara chache kimoja. Usikate tamaa ukikosa vinne maana inawezekana mmoja uko nyuma ya Jupita, mwingine mbele yake, mwingine umeingia kwenye kivuli chake, au umesogea karibu mno mng'ao ukaumeza. Inaweza kuwa vitatu upande mmoja na upande wa pili hamna kitu. Kinukta kilicho nje ya mstari kabisa ni nyota.

Sasa ndio ufungue Stellarium, ikuze Jupita, linganisha. Nasema sasa kwa makusudi, kwanza ona wewe, halafu ulize simu. Ukianza na simu jicho linakuonyesha kile simu ilichosema.

Utajua umefaulu: unachora ulichoona kabla ya kufungua simu, na mchoro unafanana.

## Hatua ya 7: Chora, halafu rudi kesho

Kuona mara moja hakutoshi, raha yake iko kwenye kuona vimehama. Chora kiduara katikati ya mstari, weka nukta kwa umbali ulioona, andika tarehe na saa. Kesho saa ileile chora tena chini yake. Siku ya tatu utakuwa umeona mwenyewe dunia nyingine nne zikizunguka, hauhitaji mtu akuaminishe.

Ili ujue nani ni nani:

Io ni wa ndani kabisa, km 422,000 kutoka Jupita, anamaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu. Kwa darubini ya mkononi ndiye mgumu kumkamata kwa sababu haendi mbali na mng'ao. Huyu watu wa korosho mnamfahamu bila kujua. Ile salfa ya unga wa njano tunayopuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, ndiyo hiyohiyo imefunika uso wa Io, imetapikwa na volkano zake, ambazo zinazofanya kazi ni zaidi ya 400. Chanzo cha moto huo ni kukandwa: Jupita inamvuta upande mmoja, Europa na Ganymede wanamvuta kwa zamu upande mwingine, maana Ganymede akizunguka mara moja Europa anazunguka mara mbili na Io mara nne, wanakutana palepale kila mara. Mwamba unaokandwa bila kupumzika unapata joto mpaka unayeyuka.

Europa anachukua siku 3 na nusu. Ndiye mdogo kati ya wanne, uso wake barafu tupu, na vipimo vinaonyesha chini ya barafu kuna bahari ya maji ya chumvi. Chombo cha NASA kinachoitwa Europa Clipper kilirushwa Oktoba 2024, kitafika 2030.

Ganymede anachukua siku 7 na kidogo. Ndiye mwezi mkubwa kuliko yote kwenye mfumo wa jua, upana km 5,268, anaizidi hata sayari ya Utaridi. Ndiye anayeng'aa zaidi, kwa hiyo nukta ya kwanza utakayoiona uwezekano mkubwa ni yeye. Wazungu wa Ulaya wamemtumia chombo JUICE, kiliondoka Aprili 2023, kinafika kwa Jupita 2031.

Callisto yuko mbali kabisa, karibu km milioni 1.9, siku 16 na robo tatu hivi. Anafifia kuliko wenzake ila kwa sababu yuko mbali na mng'ao ni rahisi. Wengi wanamkosa kwa kuwa wanatafuta karibu, kumbe yuko pale pembeni wamemdhania nyota.

Na mwanga unaoingia jichoni mwako uliondoka huko dakika 35 mpaka 50 zilizopita, kutegemea Jupita iko umbali gani siku hiyo.

Utajua umefaulu: una michoro mitatu ya siku zinazofuatana na angalau mwezi mmoja umeutambua kwa jina kwa mwendo wake.

## Hatua ya 8: Kwa wenye teleskopu

Anza na lenzi ya jicho yenye namba kubwa, mm 25, usianze na mm 10. Namba ndogo ndio inakuza zaidi, na inakuonyesha kieneo kidogo zaidi, utapotea. Ukishaiweka Jupita katikati ndio ubadilishe. Kwenye bomba la urefu wa mm 700 lenzi ya 25 inakupa mara 28, ya 10 inakupa mara 70, na mara 70 inatosha kuona mikanda miwili ya kahawia imepita katikati ya kiduara. Kalia jicho dakika kumi mfululizo, hewa inatulia kwa vipindi vya sekunde moja mbili na hapo ndio mikanda inatokea.

Itoe teleskopu nje nusu saa kabla, kioo chenye joto la ndani kinachemsha picha.

Kaa saa mbili na Io akiwa karibu na ukingo wa Jupita. Kwa muda huo anasafiri karibu km 125,000, pungufu kidogo tu ya upana wote wa Jupita ambao ni km 143,000, kwa hiyo utamuona akisogea na kupotea, au akichomoza pasipokuwa na kitu.

Picha kwa simu: iweke kamera sawasawa na lenzi ya jicho, gusa Jupita kwenye kioo, shusha mwanga mpaka mikanda ionekane. Ukitaka miezi ndio upandishe mwanga, Jupita itaungua iwe nyeupe. Vyote viwili kwenye picha moja ni vigumu, piga mbili.

## Hatua ya 9: Zohali na mwezi wake Titan

Zohali, ile sayari yenye pete, msimu wake umetupendelea sisi. Miaka hii inafika wakati wake bora mwezi wa kumi, 2026, 2027 na 2028, na Oktoba huku ni kiangazi, anga wazi. Kero yake ni moshi wa kuandaa mashamba na vumbi, chagua usiku ambao upepo wa bahari umefagia.

Darubini ya mkononi itakuonyesha kitu cha njano kilichovimba pembeni, pete hazijitengi. Kwa pete unahitaji teleskopu, mara 25 na kuendelea. Walioangalia mwaka 2025 wakakosa pete hawakukosea, zilikuwa zimetugeuzia ukingo, na ukingo wake ni mwembamba sana. Tangu hapo zinafunguka kila mwaka mpaka zitakapofika upana wake wote mwaka 2032 hivi.

Zohali ina miezi zaidi ya 270 iliyoorodheshwa, wewe tafuta mmoja, Titan. Teleskopu ya mm 60 inamuonyesha kama nukta hafifu ya njano, umbali kutoka kwenye sayari ni kama mara nne ya upana wa pete akiwa mbali kabisa, na anazunguka kwa siku 16. Hapa giza linasaidia, tofauti na Jupita, kwa hiyo toka nje kidogo ya mji.

Titan anatuhusu. Gesi inayotoka Mnazi Bay na kusafishwa Madimba, na ile ya Songo Songo kule Kilwa, sehemu yake kubwa ni methani. Titan ana methani hiyohiyo, ila kwa baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri imekuwa kimiminika, inanyesha kama mvua, inachimba mito, inajaza maziwa. Chombo cha Huygens kilitua kule tarehe 14 Januari 2005 kikapiga picha mawe ya mviringo kama ya mtoni. Nukta unayoiona kwenye lenzi ndiyo hiyo.

Utajua umefaulu: unaona nafasi nyeusi kati ya pete na sayari, hata kama ni kwa sekunde moja moja, na nukta ya Titan imehama baada ya siku mbili.

## Uranusi na Neptuni kwa kifupi

Uranusi inafikiwa na darubini ya 10x50 kwenye giza, mwaka 2026 iko jirani na Kilimia, kile kikundi cha nyota kinachoitwa pia Pleiades, upande wa kusini, kama unakifahamu Kilimia Stellarium itakumalizia njia. Ni kinukta cha kijani buluu, methani tena ndio inayoipa rangi. Neptuni ni ngumu zaidi. Miezi ya hizi mbili usijisumbue kwa vifaa vidogo, na ni Voyager 2 peke yake iliyowahi kupita kwao, Uranusi Januari 1986, Neptuni Agosti 1989.

## Kuitunza darubini pwani

Chumvi na unyevu vinaua darubini haraka. Ukimaliza usifute lenzi ikiwa na umande, iache ikauke kivulini na hewa, pulizia vumbi kwa kibomba cha mpira, ndio ufute kwa kitambaa laini bila kukandamiza. Ifungie kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na mfuko wa kitambaa wenye mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta ukapoa, unakunywa unyevu, ubadilishe kila mwezi. Bila hivyo kuvu linaota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui na fundi wa kulitoa utamtafuta.

Msimu wa kupuliza salfa usiitoe shambani wala uani siku ambayo jirani anapuliza. Unga wake unaingia kwenye gurudumu la fokasi na unakwaruza lenzi ukiufuta. Ukishaingia, pulizia kwanza, geuza darubini lenzi ziangalie chini, pulizia tena, kitambaa kiwe cha mwisho.